Sindimba Mikononi mwa Wageni: Tathmini ya Mafunzo na Onyesho la Shangani, Mtwara

Kuna huduma inayotolewa Shangani, mjini Mtwara, katika ukumbi ulio karibu na ufukwe, ambayo inazungumzwa sana na wapenzi wa ngoma za asili wa mkoa huu. Huduma hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mafunzo ya siku chache ya kucheza sindimba, ngoma ya Wamakonde inayojulikana kwa mwendo wa nyonga, yanayowalenga wageni: watalii wanaopitia Mikindani, wataalamu wa kigeni walioajiriwa katika miradi, wanafunzi wa vyuo waliotoka mikoa mingine, na familia za Dar es Salaam zilizokuja likizo. Ya pili ni onyesho la Jumamosi jioni, ambamo wanafunzi hao hupanda jukwaani pamoja na kikundi cha ukumbi na kucheza mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Nilihudhuria vyote viwili: mafunzo nilikaa pembeni kwa ruhusa ya waandaaji, na onyesho nililipa kama watu wengine. Ukumbi wenyewe siutaji kwa jina, kwa kuwa ninayoyasema yanahusu kumbi na vikundi vingi vya pwani hii, kuanzia Mtwara hadi Lindi, na nisingependa mmoja ubebe lawama ya wote.

Naandika nikiwa mtu niliyekulia Newala, nikazizoea ngoma kabla sijazoea daftari, na ambaye hadi leo huacha shughuli zangu ngoma nzuri inapopigwa. Tathmini yangu kwa ufupi ni hii: wapiga ngoma wa ukumbi huo ni wa kiwango cha juu kabisa na wao peke yao wanatosha kumrudishia mtu fedha yake; ualimu wa hatua una kasoro kubwa inayoweza kurekebishwa; na kipengele cha mwisho cha onyesho, kile cha kinyago, kinapaswa kuondolewa bila kusubiri.

Ipo hoja moja ambayo ni vyema kuishughulikia mapema. Wako wanaosema kwamba sindimba ni ya Wamakonde, na kwamba mtu wa kabila jingine au wa taifa jingine anaiharibu kwa kule kuicheza tu. Siikubali hoja hiyo, na historia ya nchi hii haiiungi mkono. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akauliza ni wangapi kati ya wale waliojifunza rumba, chachacha na twisti waliojua kucheza, au hata waliowahi kusikia, gombe sugu, mangala, konge, nyang'umumi, kiduo au lelemama. Sindimba haikutajwa katika orodha hiyo. Hata hivyo, kikundi cha ngoma cha taifa kilipoundwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960, sindimba ilipata umaarufu kuliko nyingi ya zile zilizotajwa. Ikachezwa kwenye sherehe za kitaifa, ikaingia shuleni, na watoto wa Kichaga, Kihaya na Kisukuma wakajifunga vitambaa viunoni na kuicheza mbele ya wageni rasmi. Wageni wa kwanza wa sindimba, kwa hiyo, walikuwa Watanzania wenzetu, na walialikwa na serikali yao wenyewe.

Mwaliko huo ulikuwa na gharama yake. Ngoma ambayo watu waliicheza wakiwazunguka wapigaji, wengine wakiingia na wengine wakitoka kadiri walivyojisikia, ilipangwa katika mistari inayowaelekea watazamaji. Muda wake, uliokuwa ukimaliza usiku, ukafupishwa ukawa dakika chache kati ya hotuba na hotuba. Nyonga, ambazo katika mazingira ya unyago zilikuwa na mafundisho yake kwa vijana wanaoingia utu uzima, zikabaki kuwa kivutio cha macho, na baadhi ya watu wakaanza kuiita ngoma hii ya aibu ilhali kilichoondolewa ndicho kilichokuwa kikiipa heshima. Yote hayo yalifanyika kabla mtalii yeyote hajafika Shangani na mkoba wake. Anayetaka kuwapima wageni wa leo kwa haki ajue kwamba sindimba waliyoikuta mjini ilikwisha kupita jukwaani mara nyingi, na kwamba hata walimu wanaowafundisha, ambao wengi wao hawakutoka uwanda wa Makonde, waliipokea kutoka jukwaani.

Sasa nije kwenye ufundi, kwa sababu hapo ndipo penye mambo.

Sindimba hukaa magotini. Mchezaji hukunja magoti, huinamisha kiwiliwili mbele kidogo, hukanyaga kwa wayo mzima, na mwendo huo wa nyayo na magoti ndio unaopandisha mtikisiko hadi nyongani, ambako kanga iliyofungwa kiunoni huudhihirisha. Mabega hutulia na shingo hutulia. Ukimtazama mchezaji mzuri wa Kitangari au Nanyamba kuanzia kifuani kwenda juu, unaweza kudhani amesimama akisubiri jambo; ukishusha macho ndipo unapoona kazi inayofanyika. Kwa sababu nguvu inatoka chini, mtu wa miaka sitini anaweza kucheza muda mrefu bila kuumia mgongo, na akina mama wa makamo mara nyingi huwashinda wasichana.

Wanafunzi wa Shangani walifundishwa kinyume chake. Somo la kwanza lilianza na kiuno: simama, weka mikono nyongani, zungusha kulia, zungusha kushoto. Miguu iliongezwa baadaye kama kitu cha pili. Matokeo yake yalionekana waziwazi siku ya onyesho: magoti yalikuwa yamenyooka, visigino vilikuwa hewani, na mzunguko wote ulifanywa na misuli ya mgongo wa chini, ambayo huchoka upesi. Baada ya dakika chache wachezaji kadhaa walikuwa wanatumia mabega kujisukuma. Mtazamaji asiyejua ngoma hii aliona watu wenye bidii, na bidii kweli walikuwa nayo. Lakini mwili uliokuwa ukionekana pale haukuwa mwili wa sindimba. Mwalimu wa hatua, kijana hodari na mwenye subira ambaye kwa kweli anapendwa na wanafunzi wake, angeweza kurekebisha jambo hili kwa asubuhi moja tu ya kuwatembeza wanafunzi huku na huko wamekunja magoti, bila kutaja kiuno hata mara moja.

Kasoro kubwa zaidi, ile niliyoitaja mwanzoni, ni ya masikio. Ukumbi una ukuta mzima wa vioo, na mafunzo hufanyika wanafunzi wakivielekea vioo hivyo, mwalimu akiwa mbele yao, na wapiga ngoma wakiwa nyuma, karibu na mlango. Mwalimu huhesabu moja hadi nane kwa sauti kubwa, na kila baada ya nane nne hatua hubadilika. Wapiga ngoma wanafuata hesabu hiyo kwa heshima, ingawa kwa wanaozijua ngoma zao ilikuwa dhahiri kwamba wanajizuia. Katika mpangilio huo mwanafunzi anajifunza kumtazama mwalimu, kujitazama kiooni na kukumbuka namba, na hakuna kati ya hayo linalomlazimisha kuisikia ngoma.

Katika ngoma za Wamakonde mabadiliko huitwa. Vinganga, zile ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini na kupigwa kwa fimbo nyembamba, hushikilia mwendo wa haraka usiokatika, na ngoma kubwa huzungumza juu yake. Jioni ile kinganga kimoja kilikuwa kikigawa pigo katika tatu wakati nyayo za wachezaji zilitakiwa kwenda kwa mbili, na utamu wote wa sehemu hiyo umo katika msuguano huo: mchezaji anakuwa amebeba mbili miguuni na tatu nyongani kwa wakati mmoja. Hesabu ya moja hadi nane hailibebi jambo hilo. Mtu anayehesabu analazimika kuchagua upande mmoja, na karibu wote walichagua mbili, wakawa wanacheza nusu ya ngoma huku nusu nyingine ikipita juu ya vichwa vyao.

Halafu likatokea jambo ambalo, kwangu mimi, lilikuwa kipimo cha huduma yote. Katikati ya onyesho, mpigaji mkuu, mzee mwenye mikono ya kusifika, alitoa wito wa kubadilisha hatua mapema kuliko ilivyopangwa. Hakukosea, watu kadhaa kutoka Tandahimba waliokuwa wameketi mbele walishaanza kupiga vigelegele, mzee akaona hadhira imeamka, akafanya kile ambacho mpigaji wa kweli hufanya. Kwenye uwanja wa kijijini wachezaji wote wangegeuka papo hapo. Jukwaani pale wachezaji karibu wote, wakiwemo wa kikundi cha ukumbi chenyewe, waliendelea na hatua ya zamani hadi nane yao ilipoisha, na kwa muda huo ngoma na miguu vilikuwa vinakwenda njia tofauti. Mtu mmoja tu aligeuka na mzee. Alikuwa Mzungu wa makamo ambaye kwa sura ya mwili wake hakuwa mchezaji hata kidogo. Nyonga zake zilikuwa ngumu, mikono yake haikujua ikae wapi, na kanga aliyofungwa ilikuwa inateremka. Lakini aligeuka pale alipoitwa, kwa wayo wake mzima, na watu wa Tandahimba walimwona na wakamshangilia yeye.

Nilipouliza baadaye niliambiwa kwamba wakati wa mapumziko ya mafunzo, wenzake walipokuwa wakipiga picha ufukweni, yeye alikuwa akiwasaidia wapigaji kubeba ngoma kwenda motoni kukazwa ngozi na kurudi, na alikuwa akikaa nao kimya. Ukinitaka nichague kati yake na yule kijana wa kikundi mwenye nyonga laini aliyepitwa na wito, nitamchagua yeye bila kusita, na nadhani wazee wengi wa uwanda watafanya hivyo hivyo. Kiuno kinaweza kufundishwa kwa mwezi mmoja, ilhali mazoea ya kuisubiri ngoma iseme, mtu akiyakosa tangu siku ya kwanza, huyapata kwa taabu kubwa.

Wazee wenyewe wanajua namna ya kufundisha jambo hili, na inasikitisha kwamba hawapewi nafasi. Nilishuhudia katika mapumziko mwanafunzi mmoja wa chuo, binti kutoka Bukoba aliyewahi kucheza sindimba katika mashindano ya shule za msingi, akimwendea mpigaji mkuu na kumwamkia.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Umechoka?”

“Sijachoka, babu, ila kila nikicheza naona kama nachelewa.”

“Unachelewa kwa sababu unahesabu. Hiyo ya shuleni iweke pembeni kwanza. Njoo usimame hapa nyuma yangu, usicheze, itikia tu wimbo. Mguu ukitaka wenyewe, uachie.”

Binti alisimama pale akaitikia wimbo, na baada ya muda goti lake moja likaanza kukunjika, kisha la pili, na kwa jinsi alivyokuwa akikanyaga ilionekana wazi kwamba alikuwa amelipata lile pigo linalogawa katika tatu. Hakuna aliyemfundisha hatua. Kisha mwalimu akaita watu warudi kwenye vioo. Nilitamani sana mwalimu yule angekuwa amesimama pamoja nasi kutazama, kwa kuwa mbinu hiyo haihitaji fedha ya ziada wala kifaa chochote, na wapigaji tayari wako ndani ya ukumbi.

Kuhusu ngoma zenyewe, nina sifa na nina ombi. Zimewambwa vizuri, na mafundi wanaozitunza wanaijua kazi yao. Ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevunyevu, na hewa ya Shangani, bahari ikiwa hatua chache tu, ina unyevunyevu wa kutosha kuilegeza mapema. Ndiyo maana wapigaji huwasha moto na kuzianika ngoma karibu yake mpaka sauti ikaze. Sehemu ya kwanza ya onyesho ilikuwa na sauti kali na safi ambayo mtu aliisikia tumboni. Kwa bahati mbaya uongozi hauruhusu moto karibu na ukumbi wakati watazamaji wameketi, hivyo ngoma zilizidi kulegea kadiri jioni ilivyosonga, na badala ya kuzirudisha motoni fundi wa sauti aliongeza ukubwa wa vipaza sauti. Vipaza sauti haviwezi kukaza ngozi. Vilichofanya ni kuzifanya ngoma zote zilingane, hata wito wa ngoma kubwa usitofautiane na mwendo wa vinganga, na kwa mchezaji mgeni anayejaribu kusikia, hiyo ni sawa na kuzimiwa taa. Meko ndogo nyuma ya ukumbi, yenye mtu wa kuiangalia, ingemaliza tatizo hilo.

Nyimbo zilitendewa vibaya zaidi kuliko hatua. Wanafunzi walipewa karatasi zenye viitikio vya Kimakonde vilivyoandikwa kwa namna ya kusaidia matamshi, na hawakuambiwa vinasema nini. Mwalimu, ambaye si Mmakonde, alipoulizwa na mwanafunzi mmoja alijibu kwamba ni nyimbo za furaha. Mmoja kati ya nyimbo hizo ulikuwa wa kumuaga binti anayeondoka nyumbani kwao, na si wa furaha kwa maana hiyo. Uliimbwa na watu wanaotabasamu kwa meno yote kwa sababu waliagizwa kutabasamu muda wote. Katika sherehe nilizozishuhudia Newala na Tandahimba, wachezaji wazuri nyuso zao hutulia, macho yao huwa chini au kwa mwenzao wanayecheza naye, na tabasamu likija huwa limekuja kwa sababu. Wapigaji wote wanaijua maana ya kila mstari. Robo saa ya mzee mmoja kueleza wimbo kwa Kiswahili, na mtu mwingine kuwatafsiria wasiojua Kiswahili, ingebadilisha nyuso zile kuliko agizo lolote la kutabasamu.

Mavazi nitayapitia haraka. Kanga viunoni ni sawa, na ndiyo hutumika. Vitambaa vya madoadoa ya chui havina uhusiano wowote na ngoma hii wala na watu wake. Michoro ya mkaa usoni, iliyokusudiwa kuiga nembo, yaani zile chale za usoni walizokuwa nazo wazee wetu wa kike na wa kiume, iliniumiza, kwa sababu waliochanjwa chale hizo walivumilia kisu ili watambulike ni akina nani, na baadhi yao wangali hai na wanaweza kupita mlangoni pale siku yoyote.

Hayo yananifikisha kwenye kipengele cha mwisho. Baada ya sindimba kumalizika, mwongozaji alitangaza kwamba sasa mizimu itatembelea ukumbi, taa zikapunguzwa, na akaingia mchezaji aliyevaa kinyago cha uso. Ilikuwa ni midimu, ngoma ya kinyago ya Wamakonde, au tuseme ilikusudiwa kuwa midimu. Nitasema yale tu ambayo yanafahamika hadharani. Midimu hutoka katika sherehe za kufunga jando na unyago. Kwa upande wetu wa mto Ruvuma kinyago hufunika uso, na kwa ndugu zetu wa Msumbiji, wanaokiita lipiko, huvaliwa kichwani kama kofia. Lakini pande zote mbili mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima ili asijulikane, kwa kuwa mbele ya wanawake na watoto ambao hawajapita jandoni yule si mtu fulani wa nyumba fulani. Vijana wanaotoka jandoni ndio wanaokabidhiwa ujuzi wa jambo hilo, na wanaapishwa kulitunza.

Mchezaji wa Shangani alikuwa mmoja wa wanafunzi. Mikono yake ilikuwa wazi, nyayo zake zilikuwa wazi, na chini ya kinyago shingo yake ilionekana. Alicheza hatua zilezile za sindimba alizofundishwa wiki hiyo, ilhali midimu ina mwendo wake tofauti kabisa, wenye mitetemo midogo na kusimama kwa ghafla, ambao hufuata mazungumzo ya karibu sana kati yake na mpigaji mmoja. Mpigaji mkuu hakupiga. Aliweka mikono magotini, na ngoma ikaendeshwa na vijana. Kisha, mwisho wa yote, mchezaji akasimama katikati ya jukwaa, akakivua kinyago, akakinyanyua juu kwa mkono mmoja na kuinamia watazamaji ili apigiwe makofi.

Akina mama watatu wa Kimakonde waliokuwa mstari wa mbele yangu waligeuza nyuso zao. Mmoja alimfunika macho mtoto wake, akamwinua, akatoka naye nje. Mwanafunzi yule hakuwa na nia mbaya, nina hakika, wala hakuambiwa. Yeye alifanya kile alichoelekezwa kufanya na watu aliowalipa ili wamfundishe. Lawama ni ya waliopanga. Huwezi kumfundisha mgeni kuvaa kitu na ukamwacha bila kumfundisha kwamba hakivuliwi. Na kama kukivua ndiko kunakoleta makofi, basi kipengele hicho hakifai kuwapo kwenye onyesho, hata kama kitachezwa na Mmakonde mwenyewe aliyepita jandoni. Kinyago kinaweza kuonekana kwenye majumba ya makumbusho ya nchi nyingi. Huko kimetulia ukutani na hakimdanganyi mtu kwamba ameiona midimu.

Tofauti ninayoiweka kati ya sindimba na midimu ndiyo msimamo wangu wote kuhusu wageni. Sindimba imekuwa ikipokea watu kwa muda mrefu, na kinachomfanya mtu aicheze kwa uhalisi ni goti lililokunjwa, sikio lililo wazi na wimbo anaouelewa. Vitu hivyo vinaweza kupatikana na mtu wa Bukoba au wa Uholanzi, na vinaweza kumkosa mtu aliyezaliwa Newala. Midimu ina mlango, na mlango huo haufunguliwi kwa karo ya mafunzo. Huduma inayowauzia wageni vyote viwili kwa bei moja inawanyima wageni hao elimu muhimu kuliko zote walizokuja kuitafuta, ambayo ni kujua lipi ni la kuingia na lipi ni la kutazama kwa mbali.

Malipo nayo yanahitaji kuangaliwa. Bango la onyesho lilikuwa na picha na majina ya walimu wa hatua na ya mwongozaji, na wapigaji waliandikwa tu kama “ngoma za asili”. Isitoshe, watazamaji waliagizwa wakae vitini na wasipande kutunza. Kutunza ni sehemu ya ngoma: mtu anapovutiwa huingia uwanjani, humbandika noti mpigaji au mchezaji, hucheza hatua mbili tatu, kisha hurudi mahali pake. Kwa kulizuia hilo, uongozi uliwapunguzia wazee kipato chao cha jioni na pia uliwanyima wageni nafasi ya kuona mtazamaji akigeuka mchezaji, jambo ambalo lingewafundisha mengi kuhusu namna ngoma hii inavyoishi. Wale watu wa Tandahimba walikuwa wamekwisha kushika noti mikononi.

Wako wanaoweza kusema kwamba nadai makuu kwa mafunzo ya siku chache. Nadhani sivyo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981 na ambacho tangu 2007 kinajulikana kama TaSUBa, kimewafundisha vijana wa mikoa yote ngoma za makabila yasiyo yao kwa miongo kadhaa, na wapo miongoni mwao waliowahi kuja huku kusini wakacheza hadi wenyeji wakawauliza wametoka kijiji gani. Tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake limeunganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao, limewahi kuwaleta hapa Mtwara wachezaji wa vijijini wakacheza uwanjani mbele ya umati bila kubadilishiwa mwendo wao. Ujuzi upo, watu wapo, na siku chache zinatosha kuanza vizuri, mradi zianzie mahali sahihi.

Kwa mgeni anayetaka kujiandikisha, ushauri wangu ni kwamba ajiandikishe mafunzo, kwa sababu ya wapigaji wale. Aombe akae upande wao na ageuzie vioo mgongo. Hawatamkatalia, nimewasikia wakisema hivyo. Abebe ngoma kwenda motoni. Aulize kila wimbo unasema nini, na amuulize anayeujua. Siku ya onyesho akipewa kinyago akikatae kwa adabu, na akipewa mkaa wa usoni aukatae pia. Na kama ratiba yake inaruhusu, apange safari yake iangukie Juni au Julai, baada ya mavuno, wakati sherehe za jando na unyago zinapofanyika kwenye uwanda, na akialikwa na mwenyeji apande gari kwenda Newala au Tandahimba akasimame ukingoni mwa uwanja wenye vumbi, asikilize.

Kwa anayetaka kununua tiketi ya onyesho peke yake, naona kiingilio cha shilingi 10,000 kinastahili kwa nusu ya kwanza, ngoma zikiwa bado zina joto la moto. Nimewaandikia waandaaji barua kuhusu kinyago, vipaza sauti, kutunza na majina ya wapigaji kwenye bango. Wamenijibu kwa heshima kwamba watazungumza na wazee, na nimewaomba mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kundi lijalo la wanafunzi kufika, mpigaji mkuu akiwa ndiye anayeanza kusema.